Nafasi ya kazi imefunguliwa kwa wote, lakini mafao hayawafikii wote: je, huo ni ubaguzi?

Mjumbe wa Kamati

Ndugu wanajukwaa,

Ninaomba ushauri wenu kuhusu jambo linalonisumbua katika kazi niliyokabidhiwa na wafanyakazi wenzangu. Mimi ni mjumbe wa kamati inayojadiliana na mwajiri kuhusu sera mpya ya ajira. Rasimu tuliyoletewa inaanza kwa ahadi kwamba hakuna mwombaji wa kazi atakayebaguliwa kwa sababu ya jinsi, umri, ulemavu, dini, asili au hali ya ndoa. Ahadi hiyo ni njema, na kwa kadiri ninavyofahamu inatekelezwa: nafasi za kazi hutangazwa wazi, usaili hufanywa na jopo, na miongoni mwa walioajiriwa karibuni wamo wanawake wengi, watu wenye ulemavu, wahamiaji kutoka nchi nyingine na watu waliokwisha kuvuka umri wa miaka 50.

Ninachokiona baada ya mtu kuajiriwa ni kitu kingine. Bima ya afya inayowahusu pia wategemezi, mchango wa mwajiri katika mfuko wa pensheni, mafunzo yanayolipiwa na haki ya kuomba nafasi ya juu zaidi hutolewa kwa wenye mikataba ya kudumu wanaofanya kazi kwa saa kamili, na kwa hao tu. Wanaofanya kazi nusu siku, wenye mikataba ya muda maalumu na vibarua hawapati hata kimoja kati ya hivyo, ingawa baadhi yao wamekuwa wakiongezewa mkataba kila unapokwisha, wakifanya kazi ileile katika chumba kilekile na wenzao wa kudumu. Nikitazama ni nani waliomo katika kundi hilo la pili, ninawakuta walewale ambao rasimu inajivunia kuwaajiri.

Nilipolieleza jambo hili kikaoni nilijibiwa kwamba kanuni ni moja kwa kila mtu, haitaji jinsi wala umri wala ulemavu, na kwamba aliyesaini mkataba wa nusu siku aliuchagua mwenyewe. Sikuwa na jibu la kutosha. Je, kanuni isiyolitaja kundi lolote inaweza kuwa ya kibaguzi? Na ikiwa inaweza, kamati yetu ishike hoja ipi ili mazungumzo yasiishie kwenye kulaumiana?

Wakili wa Kazi

Ndugu Mjumbe,

Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, wala si jibu jipya. Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1958, unaueleza ubaguzi kuwa ni tofauti, utengaji au upendeleo unaotokana na sababu kama rangi, jinsi, dini au asili ya mtu, na ambao athari yake ni kuuondoa au kuupunguza usawa wa fursa au wa kutendewa katika ajira. Neno la kulishika hapo ni athari. Mkataba hauishii kwenye nia ya aliyeiandika kanuni, bali unauliza kanuni hiyo imemfanyia nani nini. Tena unasema wazi kwamba ajira inayozungumzwa ni pamoja na mafunzo ya ufundi, kupata kazi yenyewe, na masharti ya kazi baada ya kuipata. Kwa hiyo mwajiri anayehesabu usawa kwa idadi ya walioajiriwa peke yake amesoma sehemu tu ya wajibu wake. Ninaongeza angalizo moja: umri na ulemavu haumo katika orodha ya msingi ya mkataba huo, ila kila nchi inaruhusiwa kuongeza sababu nyingine, kwa hiyo itakubidi usome sheria inayokuhusu.

Mahakama nazo zimelipitia swali hili. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Griggs dhidi ya Duke Power, iliamua kuhusu mwajiri aliyedai cheti cha sekondari na kufaulu mitihani ya jumla kwa kazi ambazo hazikuhitaji vitu hivyo. Masharti hayakumtaja mtu yeyote kwa rangi yake, lakini yaliwazuia weusi kwa kiwango kikubwa kuliko weupe, huku weupe walioajiriwa zamani bila cheti wakiendelea kuifanya kazi hiyohiyo vizuri. Mahakama ilisema kwamba sharti lenye athari ya namna hiyo haliwezi kusimama isipokuwa linahusiana kweli na kazi.

Shauri lililo karibu zaidi na lako, hata hivyo, ni la mwaka 1986 katika Mahakama ya Haki ya Ulaya, kati ya duka kubwa la Bilka la Ujerumani na muuzaji wake, Karin Weber von Hartz. Alifanya kazi ya saa kamili kwa miaka kadhaa, kisha akahamia kazi ya saa chache. Mpango wa pensheni wa mwajiri ulimtaka mfanyakazi wa saa chache awe amefanya kazi ya saa kamili kwa angalau miaka 15 ndani ya kipindi cha miaka 20, na yeye hakuifikisha. Kanuni ile haikutaja wanawake. Mahakama ilieleza kwamba ikiwa waliofungiwa nje ni wanawake wengi zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko wanaume, basi kanuni inavunja msingi wa malipo sawa, maana pensheni ya kazini ni sehemu ya malipo, isipokuwa mwajiri athibitishe kwamba anayo sababu isiyohusiana na jinsi.

Hapo ndipo ninapotaka kamati yako isimame. Mwajiri anayo haki ya kujitetea, na utetezi wake hupimwa kwa maswali matatu yanayofuatana: je, kanuni inajibu hitaji la kweli la shughuli zake, je, inafaa kulitimiza hitaji hilo, na je, ni ya lazima au ipo njia nyingine isiyowaumiza watu kiasi hicho? Msimwambie mwajiri kwamba ni mbaguzi. Mwombeni ajibu maswali hayo matatu kwa maandishi, fao moja baada ya jingine, kwa sababu inayoweza kuwa na nguvu kwa bima huenda isiwe na nguvu yoyote kwa mafunzo. Sioni, kwa mfano, ni hitaji gani la shughuli linalotimizwa kwa kumkataza mtu wa nusu siku kuomba cheo.

Afisa Rasilimali Watu

Ndugu Mjumbe, na wewe Wakili,

Ninaheshimu yaliyosemwa, lakini ninaomba upande wa pili usikilizwe, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandaa bajeti za mambo haya na ninajua zinavyobana. Bima ya afya haigawanyiki kwa saa: anayefanya kazi nusu siku huugua sawa na wa siku nzima, na kampuni ya bima haitoi nusu ya ada. Mikataba ya muda maalumu mara nyingi hufuata fedha za mradi, na fedha zikikoma hakuna wa kuendelea kuchangia mfuko wa pensheni. Mwajiri akilazimishwa kutoa kila kitu kwa kila mtu kuanzia siku ya kwanza, hatua atakayoichukua ni kuacha kuajiri watu wa nusu siku, na watakaokosa kazi ni mama wenye watoto wadogo na wazee hao mnaotaka kuwalinda. Ninasema hivi nikiwa ninataka walindwe.

Nina shaka pia na sehemu ya swali inayosema kwamba nafasi zimekwisha kuwa wazi kwa wote. Tangazo la wazi halitoshi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, waliotuma maombi ya kazi ya kubuni yapatayo 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Wasifu ulilingana, majina yakatofautiana. Waliopewa majina yanayosikika kuwa ya Wazungu waliitwa kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 50 hivi kile cha waliopewa majina yanayosikika kuwa ya weusi. Ubaguzi wa namna hiyo hutokea kwenye mchujo, kabla jopo la usaili halijakaa, na hauonekani katika kumbukumbu zozote za mwajiri, kwa kuwa asiyeitwa hana faili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa vitendo. Kabla hamjadai chochote, ombeni orodha isiyo na majina inayoonyesha, kwa kila aina ya mkataba, idadi ya watu kwa jinsi, umri, ulemavu na uraia, muda waliokaa, na mafao wanayopata. Ombeni pia idadi ya walioomba na ya walioitwa kwenye usaili. Mwajiri makini hatakataa, na mkiipata mtajua kama mnachokiona ni hali halisi ya taasisi nzima au ni ya idara moja.

Mfanyakazi Asiyeona

Ndugu Mjumbe,

Ninaandika kama mtu ambaye amekuwa upande wa pili wa orodha hiyo anayoizungumzia Ndugu Afisa. Sisi wenye ulemavu huhesabiwa kwa makini siku ya kuajiriwa, kisha hesabu inakoma.

Tazameni mifumo ya idadi maalumu. Ujerumani inamtaka mwajiri mwenye nafasi za kazi 20 au zaidi kuwapa watu wenye ulemavu mkubwa asilimia 5 ya nafasi hizo, na Ufaransa inataka asilimia 6 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Asiyetimiza hulipa mchango. Ninaiunga mkono mifumo hiyo kwa moyo wote, maana bila ya kulazimishwa waajiri wengi hawangefungua mlango. Hata hivyo, asilimia ya walioajiriwa haikuambii kama mtu huyo alipelekwa mafunzoni, kama alipewa nafasi ya kushindania usimamizi, au kama amewekwa kwenye simu za mapokezi mwaka hadi mwaka kwa kuwa hakuna aliyejiuliza ni nini kingine anachoweza kukifanya.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, umelitazama hili kwa upana unaostahili. Kifungu cha 27 kinapiga marufuku ubaguzi katika mambo yote ya ajira, kikiyataja masharti ya kuajiri, kuendelea na kazi, kupanda cheo, na mazingira salama. Kifungu cha 2 kinasema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi wenyewe. Marekebisho hayo si hisani. Kwangu mimi ni programu ya kusoma skrini, na nyaraka za kikao zinazotumwa mapema katika muundo ambao programu hiyo inaweza kuusoma. Kwa mwenzangu kiziwi ni mkalimani wa lugha ya alama. Kwa mwingine ni kubadilishiwa saa za kuanza kazi. Mwajiri anaruhusiwa kukataa iwapo mzigo ni mkubwa kupita kiasi, lakini lazima aonyeshe ukubwa huo, na mambo mengi tunayoyaomba gharama yake ni ndogo au hakuna kabisa.

Sasa unganisheni hilo na mikataba ya muda mfupi. Mtu mwenye mkataba unaokwisha baada ya miezi michache huogopa kuomba programu au mkalimani, kwa sababu anajua kwamba msimamizi anayepima gharama yake ndiye atakayeamua kama mkataba utaongezwa. Hivyo hukaa kimya, kazi yake hushuka, na ushukaji huo huandikwa kama uwezo wake. Wengine hawautaji hata ulemavu wenyewe kwenye fomu, na kwa hiyo orodha aliyoishauri Ndugu Afisa itatuonyesha wachache kuliko tulivyo. Ninaomba kamati iandike katika sera kwamba ombi la marekebisho litashughulikiwa na mtu asiyehusika na uamuzi wa kuongeza mkataba. Ni sentensi moja tu, lakini itawatoa watu wengi gizani.

Mama wa Chama cha Wafanyakazi

Ndugu Mjumbe, na kaka yangu Afisa,

Hoja ya gharama siipuuzi, lakini haipaswi kutumika kama mwisho wa mazungumzo. Tujiulize kwanza ni nani anayebeba gharama, na kama ni lazima abebe peke yake. Likizo ya uzazi inafundisha vizuri hapa. Mkataba Namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14, na pale malipo yanapokokotolewa kwa mshahara wa awali, yasipungue theluthi mbili za mshahara huo. Mkataba huo unataka malipo yatoke katika bima ya jamii ya lazima au fedha za umma, au kwa njia nyingine iliyowekwa na sheria na desturi za nchi, na kwa kawaida mwajiri mmoja mmoja asibebeshwe gharama hiyo moja kwa moja bila ridhaa yake. Sababu yake inaeleweka: mahali ambapo mwajiri hulipa yote kutoka mfukoni, kila mwanamke kijana anayeingia kwenye usaili huonekana kama deni linalokuja. Gharama ikigawanywa kwa waajiri wote, kwa wanaume na wanawake, deni hilo huondoka kichwani mwa msaili. Jambo hilohilo linawezekana kwa bima ya afya ya watu wa nusu siku. Pale ambapo sheria haijafika huko, kamati inaweza kujadili mchango wa kiwango kwa mujibu wa saa kwa pensheni, na bima kamili kwa mfanyakazi mwenyewe kabla ya kuijadili ya wategemezi. Mkataba Namba 175 wa mwaka 1994 kuhusu kazi ya saa chache umejengwa juu ya wazo hilo la uwiano wa saa, na unataka ulinzi wa uzazi, likizo ya mwaka na likizo ya ugonjwa kwa masharti yanayolingana na ya wenye saa kamili.

Kuhusu madai kwamba mtu aliuchagua mwenyewe mkataba wa nusu siku, ninaomba tuwe waangalifu sana. Mama asiye na mahali pa kumwacha mtoto, au binti anayemuuguza mzazi, amechagua kati ya nusu siku na kukaa bila kazi. Mkataba Namba 156 wa mwaka 1981 unawahusu wafanyakazi wenye wajibu wa familia, wanaume na wanawake, na inafaa kamati idai kwamba ruhusa za malezi ziwe za wote wawili na zitumiwe kweli na wanaume. Zikiachwa kuwa za wanawake peke yao, zitageuka kuwa sababu nyingine ya kuwaweka kwenye mikataba dhaifu.

Jambo moja bado halijatajwa, nalo ni namna kazi yenyewe inavyopewa daraja. Mwaka 1968 wanawake washona viti vya magari katika kiwanda cha Ford cha Dagenham, Uingereza, waligoma kwa sababu kazi yao iliwekwa kwenye daraja la wenye ujuzi mdogo. Mgomo wao ulichangia kupatikana kwa Sheria ya Malipo Sawa ya mwaka 1970, na mshahara wao ulipandishwa karibu na ule wa wanaume wa daraja hilohilo. Lakini daraja walilolidai, yaani kutambuliwa kwamba ushonaji ule ni ujuzi, hawakulipata mpaka mwaka 1984. Kwa hiyo msiridhike kulinganisha watu wenye cheo kimoja. Mkataba Namba 100 wa mwaka 1951 unazungumzia kazi yenye thamani sawa, ambayo hupimwa kwa ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi, hata kama majina ya vyeo hayafanani.

Wala tusiwasahau wafagiaji, walinzi na wapishi wanaoletwa na wakala. Hao hawatakuwamo katika orodha ya mwajiri wenu kabisa, kwa kuwa mwajiri wao kwenye karatasi ni mwingine. Waombeeni nafasi katika mazungumzo haya.

Mjumbe wa Kamati

Ninawashukuru nyote kwa uzito mlioupa swali langu. Nitapeleka kikaoni ombi la orodha kama alivyoshauri Ndugu Afisa, nikiwaongeza wa wakala, pamoja na maswali matatu ya Wakili kwa kila fao. Pendekezo kuhusu marekebisho nimeliandika kama lilivyotolewa. Limebaki jambo moja ambalo nina hakika litazuka: mwajiri atasema kwamba kila mkataba wa muda maalumu unasimama peke yake, kwa hiyo aliyeongezewa mara kadhaa bado ni mgeni kila mara na hajatimiza muda wa kustahili pensheni wala mafunzo. Tumjibu vipi?

Wakili wa Kazi

Mwombeni vipindi vihesabiwe pamoja. Mkataba Namba 158 wa mwaka 1982 unataka kuwe na kinga dhidi ya kutumia mikataba ya muda maalumu kwa lengo la kukwepa ulinzi anaostahili mfanyakazi. Katika Umoja wa Ulaya, Agizo la mwaka 1999 kuhusu kazi ya muda maalumu linazitaka nchi wanachama kuweka angalau moja kati ya mipaka hii: sababu ya kweli ya kuongeza mkataba, kikomo cha jumla ya muda, au kikomo cha idadi ya nyongeza. Sheria yenu inaweza kuwa tofauti, lakini kwenye majadiliano ya pamoja hamzuiwi kudai zaidi ya kiwango cha chini cha sheria.

Maneno ya kupendekeza yanaweza kuwa haya: "Vipindi vyote vya utumishi kwa mwajiri huyu, vikiwemo vya mikataba ya muda maalumu na vya saa chache, vitajumlishwa katika kukokotoa muda wa kustahili fao lolote, na mapumziko mafupi kati ya mkataba mmoja na mwingine hayatahesabiwa kuwa ni kukatizwa kwa utumishi." Jadilianeni urefu wa mapumziko hayo na muuandike kwa tarakimu, kwa sababu pasipo tarakimu mkataba utasimamishwa kwa wiki chache kila mwaka, na mtu ataanza tena kuhesabiwa kutoka sifuri.